Ng'ombe Analala kwa Nani

Mwaka ule niliporudi Karatu na shahada yangu ya kompyuta, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilikuwa la mjomba wa mwenzangu. Chini waliuza bati, misumari na rangi. Juu tuliuza kitu ambacho mjomba mwenyewe hakukielewa vizuri, na siku nyingine hata mimi sikuwa na uhakika nacho. Dirisha lilitazama barabara kuu. Asubuhi magari ya watalii yalipita kuelekea geti la Ngorongoro, wageni wamejifunika mablanketi kwa baridi, na jioni yalirudi yote yakiwa na rangi moja, rangi ya vumbi letu. Nikikumbuka mahali pale, kinachonijia kwanza si kazi. Ni harufu ya rangi ya mafuta ikipanda ngazi, na mlio wa mashine ya kukatia nondo uliotulazimisha kujadiliana mambo ya kitaalamu kwa kupiga kelele kama watu walio ng'ambo mbili za korongo.

Mwenzangu nilisoma naye chuo. Alizaliwa mjini Karatu, kwenye familia ya wafanyabiashara, akapenda vitu vya haraka. Mimi natoka Kansay, kwa wakulima, na kosa langu la kudumu ni maswali. Chuoni mhadhiri mmoja aliwahi kuniomba nimwache angalau amalize sentensi.

Tuligombana zaidi juu ya chombo tulichokuwa tukitumia. Nieleze kwa wasiokijua. Kanzidata ni majedwali: jedwali la watu, jedwali la ng'ombe. Ukitaka kujua ng'ombe yupi ni wa nani, kwenye jedwali la ng'ombe unaweka safu yenye namba ya mtu. Unaweza kuandika mwenyewe amri za kutengeneza hayo yote. Au unatumia chombo kama chetu, ambacho ni mkalimani: unaandika kwa lugha yako ya programu kwamba ng'ombe ana kaya moja na kaya ina ng'ombe wengi, nacho kinakwenda kuyachora majedwali chenyewe. Ukibadili mawazo, kinaandika faili la mabadiliko la kuligeuza jedwali la zamani kuwa jipya. Sisi tuliliita maigresheni.

Mwenzangu alikiamini chombo kile kama mtu anavyomwamini mama yake. Mimi sikuamini mkalimani ninayeshindwa kumsikia. Kila mara nilitaka kuziona amri zenyewe kabla hazijaendeshwa.

"Oya, mwana," alikuwa akiniambia, "wewe ukipewa chai unataka upelekwe shambani uone mchaichai ulikochumwa."

"Chai ikinuka mkaa, ndiyo."

"Hainuki! Hujaonja hata!"

Kazi yenyewe ilitoka kwenye umoja wa vikundi vya wafugaji, na kikundi cha kwanza kuingizwa kilikuwa cha akina mama wa Kansay, ambamo mama yangu ni mwanachama. Utaratibu wao ulikuwa huu. Unapewa mtamba mwenye mimba, yaani jike ambaye hajazaa bado, baada ya kuonyesha kwamba umejenga banda na kupanda majani ya tembo ya kumlisha. Ng'ombe akizaa ndama jike wa kwanza, unamlea mpaka naye awe mtamba mwenye mimba, kisha unamkabidhi mama anayefuata kwenye foleni. Hapo umekamilisha, na ng'ombe aliyebaki ni wako kabisa. Aliyetoa na aliyepokea waliitana mkwe, kwa sababu, walisema, binti ametoka nyumba hii ameolewa nyumba ile. Utani huo ulikuwa umekolea kiasi kwamba walitembeleana kama wakwe kweli, na kwenye misiba walikaa upande wa familia.

Umoja ulitaka programu itakayoonyesha mnyororo mzima na kusema nani anafuata, ili kumaliza manung'uniko. Tulipanda bodaboda tukazunguka nyumba kwa nyumba, mwenzangu akiwa na viatu vyeupe alivyovijutia kabla ya saa nne. Kila nyumba walitupa loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando. Nyumba ya mwisho mwenzangu alinong'ona kwamba akila tena atapasuka, na mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesikia vizuri, akamwongezea.

Tukarudi juu ya duka tukaandika. Ng'ombe ana kaya moja. Kaya ina ng'ombe wengi. Makabidhiano yana kaya iliyotoa na kaya iliyopokea, na kaya ikishapokea haipokei tena. Hiyo ya mwisho tuliifanya sharti la jedwali lenyewe, ili hata mtu akijaribu kuingiza mara ya pili, kanzidata ikatae. Wote wawili tuliona ni sawa. Viongozi wa umoja walipoona mchoro wetu, mishale yote ikielekea upande mmoja kama maji yakishuka mteremko, walipiga makofi.

Kisha ng'ombe wa mkwe wa mama akafa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe.

Huyu mkwe ndiye aliyempa mama mtamba wake, miaka mingi nyuma, nikiwa bado shule. Alikuwa bibi mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde, na watoto wake walikuwa wamehamia Mbulu na Arusha. Ng'ombe yule ndiye aliyemfanya abaki kwake badala ya kwenda kukaa kwa mwanawe. Alikuwa amesema wazi: siku sina cha kukamua, nafunga nyumba.

Wakati huohuo mtamba aliyezaliwa na ng'ombe wa mama, jike wa kwanza baada ya madume mfululizo, alikuwa tayari kukabidhiwa. Anayefuata kwenye foleni alikuwa mama mmoja kijana aliyeishi bondeni, karibu na barabara. Tulimwita mama wa bondeni. Mume wake alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa kreta, anakuja nyumbani mara chache. Banda lake lilikuwa limeezekwa bati jipya, majani yake ya tembo yamempita urefu. Alikuwa amesubiri kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote kwenye kikundi.

Nilikwenda nyumbani Jumapili nikamkuta mama akimsugua mtamba mgongo kwa kigunzi cha hindi.

"Huyu anarudi nyumbani," akasema. "Anakwenda kwa mkwe."

"Mama, huyu ni wa mama wa bondeni. Foleni iko wazi."

"Ng'ombe wa mkwe amekufa. Aliyekupa akiishiwa, unamrudishia kabla hujampa mwingine. Ndivyo ilivyo."

"Imeandikwa wapi?"

Mama hakuacha kusugua. "Cheti chako cha kuzaliwa tulikihangaikia ulipokuwa unakwenda sekondari. Kabla ya hapo ulikuwa mtoto wa nani?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Kwako wewe kila kitu ni mambo mawili tofauti. Lete ndoo."

Nilileta ndoo, lakini sikukubali. Nilimuuliza kama imewahi kutokea mtu akarudishiwa. Akasema ndiyo, mara moja, na alipoanza kunieleza ikaonekana hata hiyo mara moja watu waligombana. Kwa hiyo haikuwa mila ya tangu enzi, ilikuwa kitu ambacho akina mama walikuwa bado wanakitengeneza. Hilo lilinisumbua zaidi. Mila ningeweza kuipinga, na kanuni ningeweza kuiandika. Hii haikuwa upande wowote, na kulikuwa na wanawake wawili wanaomtazama mnyama mmoja.

Kikao kilifanyika darasani, shule ya msingi, Jumamosi. Akina mama walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wa kikundi alitaka jambo liishe kwa heshima, akatuomba tuweke laptopu juu ya meza ya mwalimu.

"Tusigombane," akasema. "Tumeletewa mashine. Iulizwe mashine."

Mwenzangu akafungua ukurasa wa anayefuata. Jina la mama wa bondeni likatokea. Mama yangu akasimama akasema sawa, sasa andika jina la mkwe wangu tuone. Mwenzangu akanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba aandike. Akaandika, akabonyeza, na maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Kaya hii imeshapokea.

"Limesemaje?" bibi akauliza kutoka nyuma.

"Limekataa, bibi," mwenzangu akasema kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao.

"Limekataa? Limewahi kukamua?"

Darasa likacheka, lakini si wote. Upande wa dirishani mama mmoja akasema kwamba kucheka hakutoshi, kwamba mwenzao amejenga banda na kuezeka bati kwa sababu ya ahadi ya kikundi, na kama ahadi inageuzwa kila ng'ombe akifa, nani atajenga tena? Mwingine akajibu kwamba bila bibi kikundi kisingekuwepo, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoa. Sauti zikapanda. Kiswahili kikaachwa, ikawa Kiiraqw kitupu, na mwenzangu, ambaye anakisikia kidogo tu, akawa ananivuta mkono kila dakika.

"Wanasemaje?"

"Wanasema tufunge laptopu."

"Kweli?"

"Hapana. Lakini ifunge."

Bibi na mama wa bondeni wote wawili walikuwa na haki, hilo ndilo lililonichosha. Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba nikitafuta kwa bidii nitakuta mmoja wao anakosea. Bibi akainuka, akajifunga shuka vizuri, akasema kwamba yeye hakuja kumnyang'anya mtu, atafunga nyumba, mwanawe wa Mbulu ana chumba. Alisema bila kulalamika. Mama akamshika mkono akamrudisha kwenye dawati kwa nguvu, na dawati likalia.

Hapo mama wa bondeni akauliza:

"Bibi, majani utamkatia nani?"

"Nitakata mwenyewe."

"Mgongo huo? Yule aliyekufa nani alikuwa anamkatia? Si mimi nilikuwa nakuletea mzigo kila nikipita?"

Bibi akajishika mgongo.

"Basi," akasema mama wa bondeni, sasa akiwaangalia wote. "Mimi banda ninalo, na majani ninayo. Yeye ng'ombe ni wake, sibishi. Lakini analala kwangu. Asubuhi nakamua nakunywa na wanangu, jioni maziwa ni ya bibi. Akizaa jike, huyo jike ndiye wangu."

Watu wakaanza kupiga hesabu. Kumweka ng'ombe wako kwenye zizi la mtu mwingine si jambo geni kwetu. Wazee wamewekeana ng'ombe siku zote, ili ugonjwa au ukame usimkute mtu na mali yake yote mahali pamoja. Ila hakuna aliyekuwa amewaza kulifanya hilo na ng'ombe wa kikundi. Bibi akauliza kama maziwa ya jioni ataletewa au atafuata. Mama wa bondeni akasema afuate, kutembea kutamsaidia mgongo. Bibi akamwita mwanaharamu kwa upendo mkubwa, na kikao kikaisha.

Tulipanda bodaboda kurudi mjini. Karibu na barabara ya lami mwenzangu akapiga kelele juu ya bega la dereva:

"Sasa huyo ng'ombe ana kaya gani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Safu yetu moja ilikuwa ikibeba mambo mawili: ng'ombe ni wa nani, na ng'ombe yuko kwa nani. Kwa kila ng'ombe wa Kansay mambo hayo yalikuwa yamekaa pamoja, ndiyo maana hatukuyaona kuwa mawili.

Juu ya duka tulibishana siku kadhaa. Yeye alitaka tuongeze sehemu ya maelezo tu, mtu aandike kwa maneno. Nikasema maneno hayawezi kutafutwa. Siku bwana mifugo akija na chanjo atakwenda nyumba isiyo na mnyama; tuwe na safu mbili, moja ya mwenye ng'ombe na moja ya mlezi. Yeye akasema basi twende mbali kabisa, tutengeneze jedwali la katikati, mtu na ng'ombe na nafasi yake, ng'ombe mmoja awe na watu wengi. Kwa sababu umoja unataka kuipeleka programu Kakesio na Olbalbal, kwa wafugaji wa Kimaasai, na bwana mifugo aliyewahi kufanya kazi huko alikuwa ametucheka usoni: huko kuna mzee mwenye zizi, kuna mke mwenye haki ya kumkamua, kuna kijana aliyepewa ng'ombe yuleyule tangu alipotahiriwa. Safu zenu mbili zitafika wapi?

"Kakesio tutawauliza watu wa Kakesio," nikasema.

"Wewe ndiye unayeuliza maswali, halafu leo hutaki?"

"Nataka. Ila sitaki kujibu kwa niaba yao."

Tukakubaliana safu mbili, mwenye ng'ombe na mlezi, na lile sharti la kupokea mara moja likaondolewa. Mwenzangu akabadilisha maelezo ya programu, akaita safu ya zamani mlezi, akaongeza mpya ya mwenye ng'ombe, kisha akakiambia chombo kiandike maigresheni. Kikaandika mara moja. Alikuwa ameshapeleka kidole kuiendesha nilipomwomba nisome.

"Mchaichai," akasema.

"Mchaichai," nikasema, nikavuta kiti.

Chombo hakikuwa kimeelewa kwamba tumebadilisha jina. Kiliona safu ya kaya haipo tena, na safu mbili ngeni zimetokea. Kwa hiyo kilikuwa kimeandika, kwa utulivu kabisa: futa safu ya kaya, ongeza safu ya mlezi, ongeza safu ya mwenye ng'ombe. Zote mbili tupu. Tungeiendesha, kila ng'ombe wa Kansay angebaki kwenye jedwali akiwa hana mwenyewe wala mlezi. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ya kabla ya kuingiza nusu ya nyumba.

Mwenzangu aliisoma mistari ile mara mbili. Chini mtu alikuwa akipima mabomba ya maji, akizitaja namba kwa sauti. Umeme ukakatika, laptopu ikabaki na betri kidogo. Tukaandika upya kwa mkono: badilisha jina, usifute, kisha ongeza safu mpya, kisha jaza safu mpya kwa kunakili ya zamani, maana mpaka siku ile mlezi na mwenye ng'ombe walikuwa mtu yuleyule kote, isipokuwa kwa mnyama mmoja. Tukatengeneza nakala nyingine, tukaijaribu humo kwanza. Alasiri ile ikaenda sawa. Mjomba akapanda na sambusa za kutupongeza kwa jambo asilolijua, na alipouliza tumefanya nini, mwenzangu akamwambia, "Tumemhamisha ng'ombe, mjomba." Mjomba akatazama chini ya meza.

Sasa nakaa Dodoma, naandika programu kwenye ofisi yenye lifti. Majedwali yetu ni mengi kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeyajua yote, na hakuna hata moja ambalo nimewahi kula nyumbani kwa watu wake. Mwenzangu yuko Arusha, kwenye kampuni ya utalii. Bado anakipenda chombo kile, ila siku hizi hunitumia mafaili ya maigresheni niyasome, bila salamu, mafaili peke yake. Chumba chetu cha juu ya duka kimewekwa vigae. Nimeambiwa umoja unataka kubadilisha programu, na sijui wanaoandika mpya kama wamepita nyumba kwa nyumba. Nauliza kila nikipiga simu nyumbani, na mama ananiambia nimpe nafasi kwanza asalimie.

Lakini nilikuwa bado Karatu mtamba yule alipozaa. Mvua zilikuwa zimeanza, Kansay yote imekuwa kijani, na ukungu ulishuka kutoka msitu wa juu ukakaa kwenye mashamba ya ngano. Siku ndama alipokwisha kunyonya maziwa yake ya mwanzo na ya watu yakaanza, nilimsindikiza bibi bondeni. Alitembea polepole akiwa na jagi la plastiki lenye kifuniko, akisimama kila mahali kusalimia na kueleza kwamba anakwenda kuchukua maziwa ya ng'ombe wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nyumba yake huko juu ilikuwa wazi, moshi ukitoka.

Mama wa bondeni alikuwa ameshaanza kukamua. Alimimina maziwa kwenye jagi akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akachungulia.

"Hujajaza."

"Ndama naye anataka, bibi."

"Ndama mwenyewe dume."

Wakanigeukia wote wawili kwa wakati mmoja. Kikao kilikuwa kimezungumzia jike tu. Dume hakuna aliyemtaja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwingiza kwenye jedwali asubuhi ile nikakwama kwenye safu ya mwenye ng'ombe. Nikaanza kueleza kwamba kuna njia mbili za kuliangalia jambo hili.

"Asubiri Krismasi," bibi akasema, akifunga kifuniko. "Tutamla pande zote mbili."

Mama wa bondeni akasema utumbo ni wake. Bibi akasema kichwa ni chake. Wakaendelea hivyo, wakigawana mnyama aliyekuwa bado hajui hata kula majani, mpaka ikafika zamu yangu, nikapewa figo. Tukaaga, tukaanza kupanda mlima kabla giza halijaingia, bibi mbele na jagi lake, mimi nyuma.